Tupimieni mashamba kabla hatujajenga

Jumanne iliyopita jirani yangu alivushwa korongo mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na huku kwetu Kivule, pembezoni mwa Dar, ikinyesha namna ile hakuna bodaboda wala bajaji inayothubutu kushuka bondeni. Vijana wanakunja suruali, wanakuinamia, unapanda. Buku moja. Yeye ni mshonaji, na alikuwa na shangazi kaja limejaa sketi za shule, oda ya duka moja Kariakoo, kwa hiyo akalipa buku yake na buku ya begi. Katikati ya maji kijana wa begi akateleza. Begi halikuchukuliwa, ila upande mmoja uliingia topeni na sketi za chini zote zikawa rangi ya udongo. Akarudi nyumbani, akafua, akasubiri zikauke, akapiga pasi. Alipofika Kariakoo ilikuwa saa kumi jioni, na mwenye duka alishachukua mzigo kwa mtu mwingine.

Usiku huohuo nikakuta kwenye simu picha ya Dar: maghorofa ya Posta yanawaka taa, Daraja la Tanzanite linang'aa juu ya maji, na watu wanapongezana kwamba uchumi unakua. Nikazikumbuka zile sketi, nikashindwa kulala.

Sina ugomvi na madaraja. Anayepita Ubungo au TAZARA anajua foleni ilivyokuwa. Mwendokasi nao, tangu 2016, umewasaidia watu wa Kimara, ingawa kuna siku unasimama kituoni mpaka miguu inakufa ganzi. Hayo nayakubali. Ila mji haumtajirishi mtu kwa ghorofa alilolitazama kwa mbali. Mji unamtajirisha kwa kumweka karibu na wenzake: fundi karibu na mteja, mwenye duka karibu na mshonaji, kijana karibu na kazi tatu ili akikosa moja apate nyingine. Ndiyo maana tuliacha vijiji vyetu tukaja.

Na tumekuja kweli. Mwaka 1967 Dar haikuwa na hata watu laki tatu. Sensa ya 2012 ikatukuta zaidi ya milioni 4.3, ya 2022 ikatukuta milioni 5.38. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakuongezeka Posta wala Upanga. Wako Chanika, Mbande, Goba, Msongola, huku kwetu. Jirani yangu anahesabika ni mtu wa mjini, lakini soko lake liko mbali naye kama lilivyokuwa mbali na mama yake kijijini. Tofauti ni kwamba mama yake hakulipa bodaboda, kuvushwa, halafu daladala mbili.

Wakubwa wakiulizwa wanasema watu wanajenga holela. Nendeni Sinza mkaone. Ule mtaa ulipimwa miaka ya 1970, wakati wa mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Ilikuwa mashamba. Serikali ilikata viwanja, ikaacha barabara na mitaro, halafu wananchi wakajijengea wenyewe kadiri ya mifuko yao, wengine chumba kimoja kimoja. Leo Sinza hukosi kitu: saluni, gereji, duka la dawa, gesti, mama lishe, na gari la mizigo linaingia mpaka mlangoni. Watu wa Sinza hawakuwa na akili kuliko sisi. Wao walitanguliwa na barabara.

Sisi tumetanguliwa na dalali. Mwaka niliponunua, alinipimia kwa miguu yake, hatua ishirini kwa ishirini, akachomeka miti minne. Tukaenda serikali ya mtaa, tukaandikiana, nikalipa asilimia kumi yao, mihuri ikagongwa. Hakuna hata mmoja mezani aliyeuliza barabara itapita wapi. Kila aliyenunua alibana kipande chake mpaka mwisho, na mimi nikiwemo, maana nilikuwa nimeuza ng'ombe wa marehemu baba na sikuwa na hatua moja ya kuachia wapita njia. Baadaye ukaja urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati baada ya kuwa tumeshajenga. Tukachanga, kila kaya laki na nusu, kampuni ikaja na vifaa, ikapanda mawe kadhaa, na tangu hapo simu yao haipokelewi. Hata wangemaliza, wangepima nini? Nyumba zimeshasimama. Mkitaka barabara ya mita kumi leo, ni lazima mvunje choo cha huyu na jiko la yule, na fidia ya nyumba kumi inatosha kupima mashamba mangapi! Wale wa Kimara waliowekewa alama ya X na kuvunjiwa nyumba 2017 kupisha barabara wanajua kuchelewa huku kunamwangukia nani.

Najua mtasema viwanja vikipimwa wanachukua wenye fedha. Ni kweli, imetokea. Ule mradi wa viwanja elfu ishirini ulioanza 2002 uliacha Kibada na Bunju zimenyooka, lakini viwanja vingi vilikaa pori miaka na miaka vikisubiri bei ipande. Basi pimeni vidogo. Mshonaji hahitaji nusu eka. Anahitaji chumba, cherehani, na njia ambayo bajaji itapita hata masika.

Viwanda, mikopo, kodi za wafanyabiashara wadogo, hayo yote ni muhimu, na kila moja linataka siku yake. Hili la ardhi halisubiri, kwa sababu linaendelea sasa hivi.

Jumamosi nilikwenda Msongola kwenye msiba. Nyuma ya nyumba ya msiba kuna shamba la mikorosho, na kati ya mikorosho kijana mmoja alikuwa anatembea akihesabu kwa sauti, mume na mke wakimfuata nyuma. Ishirini. Akageuka, akaanza tena. Nikamsogelea nikamuuliza barabara iko wapi. Akanionyesha njia ya miguu katikati ya majani, upana wa mtu mmoja. Yule mama alikuwa ameshika miti minne mkononi, imechongwa ncha tayari.