Maabara si mahali pa kumtafutia Mungu
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kwa kuwa sayansi haijampima Mungu, basi hayupo. Hapo sikubali kabisa. Anselm, mtawa na mwanafalsafa wa Kikristo, kwenye mwaka 1078 hivi, alijaribu kumthibitisha kwa fikra tupu: yule ambaye hafikiriki mkuu zaidi yake lazima awepo kweli, si akilini tu. Mtawa mwenzake Gaunilo akamjibu kwamba kwa hoja hiyo hata kisiwa kisicho na kifani kingelazimika kuwepo. Jibu zito, nakiri, na mimi ni muumini. Mwaka 1781 Kant, mwanafalsafa Mjerumani, naye akasema kuwepo si sifa inayoongezwa juu ya kitu, kwa hiyo huwezi kuthibitisha kuwa kitu kipo kwa kulichambua wazo lake tu. Lakini Kant huyohuyo alisisitiza kuwa akili haiwezi kuthibitisha kutokuwepo kwa Mungu pia. Mbona makala imeliruka hilo?