Kishikwambi kikae mkononi mwa nani?

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, serikali ya Tanzania ilivichukua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani na kuvigawa kwa walimu. Ndiyo maana leo ukiingia ofisi ya walimu katika shule ya kata hukosi kukuta kimoja au viwili. Hiki kinapakua vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kile kinaingiziwa alama, na kingine kimelala kabatini kwa sababu kioo kimepasuka. Mimi ni mwalimu tarajali wa fizikia na hisabati, na mazoezi yangu ya kufundisha nimeyafanyia katika shule ya namna hiyo. Swali lililonishughulisha muda wote ni moja: kifaa cha kidijitali kinamfaa nani zaidi pale darasani, mwanafunzi au mwalimu?

Chuoni jibu huwa limeshatolewa. Tunaambiwa mwanafunzi ndiye kiini cha somo, kwa hiyo zana bora ni ile anayoishika mwenyewe. Tukaoneshwa Kahoot, maswali ya chemsha bongo ambayo kila mmoja anayajibu kwa simu yake, tukaifurahia sana. Kisha tukatumwa kwenye shule ambako mwanafunzi akikutwa na simu anaitiwa mzazi.

Hata hivyo, wanaotaka kifaa kikabidhiwe mwanafunzi wana ushahidi mzito, tena umetoka nchini kwetu. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE, la kutunga programu za mtoto kujifunza mwenyewe, lilifanyika vijijini mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170, wengi wao hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Hapakuwa na mwalimu wa kuwafundisha. Vifaa vilichajiwa kwenye vituo vya umeme wa jua hapo hapo kijijini. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Mtu akiniambia vishikwambi ni mapambo tu, namwelekeza Tanga.

Ila matokeo hayo yasomwe kwa utulivu. Watoto wengi waliomaliza miezi ile bado hawakuweza kusoma neno. Halafu wengi wao hawakuwa na shule ya kulinganisha nayo. Kumpa kishikwambi mtoto asiye na mwalimu ni kumfungulia mlango uliokuwa umefungwa, lakini hakutuambii lolote kuhusu darasa ambalo mwalimu yupo, chaki mkononi.

Peru ina habari tofauti. Kupitia mpango wa One Laptop per Child nchi hiyo iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu kwa wanafunzi wa shule za umma. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walizipima shule za msingi za vijijini baada ya takriban miezi 15, na katika ripoti yao ya 2012 hawakuona tofauti yoyote kwenye alama za hisabati na lugha. Muda ulikuwa karibu sawa na wa Tanga, na watoto wa Peru walikuwa na walimu juu yake. Kilichotofautisha, kwa maoni yangu, ni kilichokuwa ndani ya kifaa. Programu za Tanga zilitungwa kwa lengo moja, kwa lugha ya mtoto, hatua kwa hatua kutoka herufi hadi sentensi. Kompyuta za Peru zilikuja na programu za kuandika, kuchora, muziki na michezo, mwalimu akaachiwa atafute mwenyewe pa kuzichomeka kwenye somo lake. Kenya nayo iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, ikaanza kugawa mwaka 2016, ikapita vifaa milioni moja. Shule nyingi zikavifungia stoo kwa kuhofia wezi.

Sasa nirudi kwenye fizikia, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Kwenye mada ya umeme, kidato cha pili, kuna kosa ambalo karibu kila mwanafunzi analo: anaamini balbu ya kwanza kwenye mstari "inakula" umeme, ya pili inabakiziwa makombo. Ukiandika ubaoni kwamba mkondo ni ule ule kila mahali katika saketi ya mfuatano, watanakili vizuri kabisa na kuendelea kuamini makombo. Nilikuwa nimepakua mapema jaribio la kuigiza saketi la PhET, lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado, ambalo ukishakuwa nalo halihitaji mtandao. Tuliazima projekta ya shule, tukaziba madirisha kwa vitenge, tukatumia ukuta. Kabla sijafunga swichi niliwataka zaidi ya wanafunzi themanini waandike: balbu ya pili itawaka sawa na ya kwanza, au itafifia? Wengi waliandika itafifia. Nikafunga swichi. Chembe ndogo za bluu, ambazo ndizo elektroni, zikaanza kutembea kwa mwendo ule ule kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili, na balbu zote zikawaka sawa. Darasa likalipuka kwa ubishi. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama haziliwi, betri inaishaje?"

Hilo ni swali kubwa. Ndilo linalotenganisha chaji, inayozunguka bila kuliwa, na nishati, ambayo betri inaitoa na balbu inaitumia, jambo ambalo wengi tunafika nalo chuo kikuu bado limetuchanganya. Kwa chaki peke yake sidhani kama ningelipata.

Lakini siku iliyofuata nilivipa vikundi betri, nyaya na balbu za tochi, na vikundi vingi havikuwasha kitu. Nyaya zilikuwa na kutu, betri zimechoka, viungo vimelegea. Kwenye ukuta waya haupati kutu na kiungo hakilegei kamwe. Wanafunzi wakaanza kukwangua nyaya kwa wembe, kubadilishana betri, kupima kipande kimoja kimoja mpaka wajue kosa liko wapi. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne utawakuta na ammita halisi mezani, na ammita haisomeki kwa kubonyeza. Shule inayoonesha picha ya maabara na kuhesabu kuwa imefanya maabara inamdhulumu mtoto, na nimeshasikia hoja hiyo ikitolewa kwa nia njema: tuna projekta, vifaa vya maabara vya nini?

Kilichofanya kazi kwenye kipindi kile hakikuwa picha peke yake. Ni lile swali la kabla ya swichi, wakalijibu kwa maandishi, kila mmoja akajifunga. Kama kila mwanafunzi angekuwa na kishikwambi chake, nadhani wengi wangefunga swichi kwanza, wakaangalia chembe za bluu zikizunguka, wakaridhika. Hapo ndipo nilipoanza kuegemea upande wa mwalimu: kwa darasa la sekondari kama lilivyo leo, kifaa kimoja mkononi mwa mwalimu anayejua anachouliza kinazidi vifaa vingi visivyo na mwongozo. Lugha nayo inanisukuma huko huko. Wanafunzi wametoka shule za msingi za Kiswahili, sekondari tunawafundisha kwa Kiingereza, na video nyingi za sayansi zinazungumza Kiingereza cha haraka cha Marekani. Mwalimu anaweza kuzima sauti na kuieleza picha kwa maneno wanayoyajua. Mtoto akiwa peke yake na kifaa hawezi.

Kuna jambo moja ambalo upande huu wa kwangu haulitatui, nami sitaki kulipita kimya. Kifaa cha mwalimu kina mwendo mmoja. Yupo aliyeelewa baada ya dakika tano akabaki anachora kwenye daftari, na yupo aliyehitaji kuona mara nne lakini kipindi kikaisha. Anayeanza kidato cha kwanza bila kujua kugawanya namba hatapona kwa projekta. Watoto hawa wanahitaji kitu kinachowasubiri, na hapo somo la Tanga linarudi na nguvu zake zote. Kolibri, kwa mfano, ni mfumo unaokaa kwenye kompyuta moja na kugawa mazoezi na video kwa vifaa vilivyo jirani bila intaneti. Kompyuta kumi za maabara ya shule zikifunguliwa baada ya vipindi kwa wanaohitaji msingi wa hisabati, chini ya macho ya mwalimu, kifaa kimoja mbele ya mtoto mmoja ni halali yake kabisa. Nikiambiwa nichague pa kuanzia, fedha za vifaa vya wanafunzi ningezipeleka huko kabla ya kuzipeleka kwenye vipindi vya kawaida.

Zana nyingine zinahitaji hesabu ndogo tu. Plickers, kadi za karatasi ambazo mwanafunzi anaziinua na simu ya mwalimu inasoma jibu lake, inalikwepa vizuri katazo la simu, ingawa kadi zake hazitoshi darasa la themanini na wenye dawati moja hulazimika kujibu pamoja. Vipande vinne vya karatasi vyenye A, B, C na D vinafanya karibu kazi hiyo hiyo. Simu inaongeza kumbukumbu ya nani alikosea wapi, na kama mwalimu hatairudia kumbukumbu hiyo jioni, karatasi zinatosha.

Kuhusu akili mnemba, wenzangu wengi wanaitumia kuandika andalio la somo, na siwalaumu wote. Mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki na marundo ya madaftari ya kusahihisha akipata mazoezi kumi ya ziada kwa dakika mbili, amepata muda wa kulala. Inaweza hata kunitajia makosa ambayo wanafunzi wa umeme huyafanya mara kwa mara. Ila kujua kosa lipi limekaa kwenye darasa hili, kwa watoto hawa, kunatokana na kusahihisha madaftari yao. Mwalimu tarajali anayepewa andalio kamili kabla hajajikwaa mwenyewe anakosa sehemu ya kazi anayojifunza.

Na bando nani analipa? Mpaka sasa ni mwalimu, au mwanachuo anayesubiri fedha ya kujikimu. Mipango mingi ya TEHAMA imejengwa juu ya mfuko huo bila kuutaja.

Vyuo vyetu vinaweza kurekebisha sehemu ya haya bila kununua kitu. Somo la TEHAMA tunalifanyia kwenye chumba cha kompyuta, kila mtu na mashine yake, na tunapimwa kwa slaidi. Tupimwe mbele ya darasa halisi, na simu moja isiyo na mtandao, umeme ukatike katikati ya kipindi, mkufunzi aone tunaendeleaje. Fomu ya kututathmini tayari inauliza kama mwalimu tarajali ametumia zana za kidijitali. Iongezewe mstari mmoja: wanafunzi waliulizwa nini kabla hajabonyeza kitufe, na waliandika nini.