Toleo la Kawaida la Kadi ya Grafiki Linaonewa

Mtu anayenunua kadi ya grafiki ya gemu jijini Mwanza, akishachagua chipu anayoitaka, yaani ubongo wa kadi unaochora picha, tuseme RTX 4060, hugundua kwamba amemaliza nusu tu ya uamuzi. Chipu hiyo moja ya NVIDIA huuzwa ndani ya kadi za ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac, Palit na wengine, na wengi wao wana toleo la kawaida lenye feni mbili na toleo la kifahari lenye kipoza joto kikubwa zaidi, taa za rangi na bei inayouma. Ushauri unaosikika dukani na vijiweni ni kwamba mwenye uwezo achukue la kifahari, na asiye nao avumilie la kawaida. Ushauri huo una hoja zake, lakini unalionea toleo la kawaida.

Wanaotetea toleo la kifahari husema kwamba limeongezewa kasi kiwandani, kwamba linapoa vizuri zaidi, na kwamba linadumu. Hoja ya kasi ndiyo inayouza kadi nyingi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. NVIDIA iliipangia RTX 4060 kasi ya megahetsi 2460, na matoleo mengi ya bei ya juu hutangaza kasi iliyo karibu na 2600, yaani nyongeza isiyofika asilimia 6. Mnunuzi akiisoma namba hiyo kwenye boksi hudhani kwamba kadi ya kawaida huishia 2460. Sivyo. Chipu hizi hujipandishia kasi zenyewe kila zinapoona kuwa joto na umeme bado vinaruhusu, kwa hiyo ile 2460 ni ahadi ya mtengenezaji, si ukomo, na kadi ya kawaida yenye hewa ya kutosha hupita 2600 bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana asilimia 6 ya kwenye boksi, ikifika ndani ya gemu, hubaki asilimia 1 au 2. Gemu iliyokuwa ikienda fremu (picha) 60 kwa sekunde inakwenda 61. Nani ataiona fremu hiyo moja? Tena kumbukumbu ni ileile, gigabaiti 8 kwenye njia ya biti 128 (upana wa barabara ya data kati ya chipu na kumbukumbu), na gemu ikihitaji zaidi ya hapo kadi zote mbili hukwama pamoja, moja ikiwa na taa na nyingine ikiwa haina.

Hoja ya joto ina uzito zaidi, hasa kwetu. Vipimo vingi vinavyochapishwa hufanywa katika vyumba vyenye ubaridi, ilhali chumba chenye paa la bati pale Igoma au Buzuruga kinaweza kupita nyuzi 30 mchana, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka takriban vivyo hivyo kwenye chipu. Lakini tuitazame hesabu yenyewe. RTX 4060 hutumia wati 115, karibu joto la balbu mbili za zamani za wati 60. Kadi ya kawaida inayosoma nyuzi 70 kwenye chumba cha nyuzi 21 itasoma karibu 80 kwenye chumba cha nyuzi 31, na NVIDIA yenyewe imeweka ukomo wa chipu hii kuwa nyuzi 90. Kipoza joto kikubwa kitashusha namba hiyo, hilo halibishaniwi, ila kitakuwa kinatatua tatizo ambalo halijafika. Vumbi, pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaoingia kwa makundi wakifuata mwanga, huziba kipoza joto cha bei yoyote, na dawa yake ni kufungua kasha na kulisafisha. Faida ya kweli ya feni kubwa ni utulivu: huzunguka polepole, na anayerekodi sauti au anayelala chumba kimoja na kompyuta ana haki ya kuilipia.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa kadi kubwa hulipita haraka. Baadhi ya matoleo ya kifahari ya chipu hii yanazidi sentimita 30 kwa urefu, wakati yale ya kawaida huwa na kama 22. Kwa anayejenga kompyuta kwenye kasha dogo, tofauti hiyo pekee inaweza kumaliza mjadala.

Kuhusu kudumu, wengi huchanganya toleo na waranti. Mtengenezaji mmoja kwa kawaida hutoa waranti ya muda uleule kwa matoleo yake yote mawili, na kwa mtu wa Mwanza swali zito ni nani atakayeipokea kadi ikiharibika, na kama italazimu kusafirishwa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Waranti nyingi pia hazigusi uharibifu uliotokana na umeme. Kwa hiyo fedha inayobaki baada ya kununua toleo la kawaida ina kazi bora ya kufanya: pawa saplai ya kuaminika, yaani kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, na stabilaiza ya kuusawazisha umeme huo, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo hauulizi kadi ina feni ngapi.

Wala majina hayasaidii sana kupanga watengenezaji kwa ubora. Zotac na Inno3D ni za kundi moja la PC Partner, na Gainward ni ya Palit. Ninaloliogopa zaidi kuliko jina la mtengenezaji ni jina la chipu lenye sura mbili. RTX 3060 ya mwaka 2021 ilikuja na gigabaiti 12 na njia ya biti 192. Mwaka 2022 ikatoka nyingine ya gigabaiti 8 na biti 128, yenye jina lilelile na upana wa njia ya kumbukumbu uliopungua kwa theluthi. Hakuna feni ya tatu inayofidia pengo hilo.

Hesabu hubadilika wati zinapopanda. RTX 5090 hutumia wati 575, na hata RTX 3080, ambayo siku hizi hupatikana ikiwa mtumba, hutumia 320 na ina kumbukumbu za aina ya GDDR6X zinazojulikana kwa kuchemka. Kwa chipu za namna hiyo, katika joto letu, ningechukua toleo zito lenye kipoza joto kikubwa, na kama ni la mtumba ningemwomba fundi abadilishe pesti na pedi za kupitisha joto kabla ya kulichezea gemu yoyote nzito.