Mlonge wa Kona

Mfuniko wa shimo la majitaka pale kona umeibwa tena. Ule wa chuma, ulioletwa kwa mbwembwe na picha zikapigwa. Sitauliza umekwenda wapi. Mizani ya chuma chakavu twaijua ilipo. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilifunga biashara hiyo Januari, ikaifungua Mei. Sisi mashimo yetu hayakufungwa mwezi wowote.

Basi tuseme kwa heshima, kama watu wazima. Mfuniko wa duara, uugeuze utakavyo, hautumbukii shimoni mwake. Wa mraba, sentimita 60 kila upande, pembe hadi pembe una karibu 85. Usimamishe wima, uuelekeze huko: chubwi! Tuliletewa upi? Mraba.

Wakasema zege, zege haliuziki. Sawa. Lakini zege lataka nondo zilizosukwa na kumwagiwa maji siku 7. Letu lilikorogwa Jumatatu, Jumanne likalazwa shimoni, Jumatano likapasuka katikati kama mkate wa mofa.

Na ndipo tuktuk hujileta. Probox huliweka shimo katikati ya magurudumu, ikapita. Dereva wa tuktuk, kijana mgeni wa barabara, huifuata vivyo hivyo, naye gurudumu lake la mbele ni moja na liko papo hapo katikati. Pua ndani! Nyuma mama na kapu la samaki.

"We mwanangu, hukuliona?"

"Nililiona, mama. Nilikuwa nalipima."

"Kwa pua?"

Hapo baraza zima lahamia barabarani. Kazi yenyewe ni ndogo: abiria ashuke, wawili wanyanyue mbele, dereva atie gia ya nyuma polepole. Lakini makamanda kumi, wa kunyanyua hayupo! Mmoja avuta kioo, kioo chabaki mkononi. Mwingine auliza bei ya changu. Jamani, samaki waharibika, watu wabishana gia!

Wa mkokoteni naye yuwashuka mbio, breki yake kipande cha tairi kinachoburura nyuma. Ukimkwepa wakutana na waya umening'inia usawa wa kofia. Wa stima au wa intaneti? Zote nyeusi. Usiguse, wala usipite chini yake; kaa mbali.

Sasa shimoni wamechomeka tawi, ati ni ilani. Tawi la mlonge, na mlonge ukiuchomeka tu hushika. Kwa mbolea ile! Limechipua, lina majani mororo, na jana jioni kuna mtu alionekana na kikapu akiyachuma. Leo sokoni fungu la mlonge limeshuka bei.