Tuambieni Mikono Yake Ilifanya Nini

Nimechoka na sentensi ile. Iko chini ya kila picha ya chungu cha kisasa, iko kwenye kila kibandiko cha maonyesho: msanii huyu huchota msukumo kutoka kwa maumbile na maisha yake ya ndani. Basi, imeisha. Wiki hii nimeikuta chini ya mtungi wa mfinyanzi Magdalene Odundo, na nimeshindwa kunyamaza.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusomea sanaa, na mwaka 1974 akafika kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria (mji ule leo ni Suleja). Huko alijifunza kufinyanga kwa mikono, bila gurudumu, kwa wanawake kama Ladi Kwali. Mitungi yake huipandisha kwa kamba za udongo, akaikwangua, akaisugua, akaipaka urojo laini wa udongo, akaisugua tena. Haipaki glezi, ule utando wa kioo unaong'arisha vyombo. Ule mng'ao wote ni udongo uliosuguliwa kwa subira.

Kisha moto. Tanuri ikipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hutoa rangi ya chungwa iliyoiva. Mtungi huohuo ukirudishwa motoni, safari hii hewa ikabanwa, unatoka mweusi. Hakuna aliyepaka weusi ule! Chuma, hewa, moto: maumbile yenyewe ndiyo hayo. Hayako nje ya dirisha yakimsubiri msanii ayatazame. Yamo mikononi mwake, na yanaweza kumkatalia. Mtungi uliobakiwa na unyevu hupasuka tanurini, hata kama aliyeufinyanga alijaa hisia kiasi gani.

Na maisha ya ndani? Odundo hatusimulii siri zake kwenye udongo. Anaamua. Shingo inainama kidogo, tumbo linatokeza upande mmoja, vinundu vidogo vinajipanga mgongoni kama pingili za uti. Uamuzi huo, kuinamisha shingo hadi hapa na si zaidi, ndio maisha ya ndani ninayoyaamini, kwa sababu nayaona kwa macho. Kuyaita msukumo ni kumnyang'anya kazi yake. Msukumo humjia yeyote. Shingo ile haikumjia, ilitafutwa kwa miaka.

Ladi Kwali mwenyewe, ambaye yuko kwenye noti ya naira 20 akifinyanga, alichora mijusi, nyoka na nge kwenye mitungi yake. Ni rahisi kusema alipenda wanyama. Lakini alichanja mistari ile udongo ukiwa bado haujakauka, kwenye kuta zinazopinda kila upande, na wahenga walishasema udongo uwahi ungali maji. Mkono ukisitasita pale, mstari unabaki na kusitasita kwake hadi leo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kibandiko ni kidogo. Nakubali pia kwamba wapo wasanii wanaoiandika sentensi ile wenyewe, pengine kwa sababu ndiyo inayotakiwa kwenye fomu. Lakini "umechomwa mara mbili, mara ya pili kwa kunyimwa hewa" ni maneno machache tu, yanaenea kwenye kibandiko chochote. Na aliyeyasoma atarudi kuutazama mtungi.