Mahakama ya kuhamahama haikosi jengo, inakosa siku

Kila mara haki inapojadiliwa katika kaunti kama Marsabit, kaskazini mwa Kenya, linatolewa jibu lile lile: jengeni mahakama zaidi. Jibu hili linaniudhi, kwa sababu linaahirisha kazi inayoweza kufanywa mwezi huu huu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 460,000 katika kaunti ambayo ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 70,000. Hakuna bajeti itakayoweka jengo, hakimu na seli kila penye kisima. Korti za kudumu ziko Marsabit na Moyale. Laisamis, North Horr na Loiyangalani hungoja mahakama ya kuhamahama, yaani Landikruza ifike na hakimu, msaidizi wa mahakama, mwendesha mashtaka, askari wa kulinda msafara na masanduku ya mafaili.

Mpango wenyewe ni mzuri. Kinachouharibu ni kuahirisha kesi.

Mjini, kesi ikisogezwa wiki mbili, shahidi hununa lakini hurudi. Huku nyikani, kikao kingine ni mwezi ujao, tena iwapo pesa za safari zimetoka na barabara inapitika. Chukua kesi ya wizi wa mifugo, kifungu 278 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kifungo chake hufika miaka 14. Mashahidi ni mwenye ngamia, kijana aliyekuwa akichunga, mzee anayeijua alama ya ukoo iliyochomwa kwenye ngozi ya ngamia, na polisi aliyemkamata mshukiwa. Hakimu amefika na wanakijiji wamejaa, lakini mpelelezi amepewa uhamisho na faili la polisi limebaki kabatini Marsabit. Kesi inaahirishwa. Mwezi unaofuata faili lipo, ila kijana amefuata malisho. Mwezi wa tatu mvua imekata njia. Hatimaye kifungu 202 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinafanya kazi yake: mlalamishi asipofika, mshtakiwa huachiliwa, isipokuwa hakimu aone sababu ya kuahirisha tena. Mwenye ngamia haambiwi kuhusu kifungu chochote. Anachokiona ni mwizi akirudi nyumbani, na vijana wa ukoo wake wanakiona pia. Hapo ndipo safari za kulipiza kisasi huanzia.

Liko jambo baya zaidi. Hakimu akihamishwa kesi ikiwa katikati, kifungu 200 kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka mashahidi waitwe upya. Haki hiyo ni ya lazima na siipingi. Lakini kesi iliyosikizwa vipande vipande kwa mwaka mzima hukutwa na uhamisho, na mzee aliyesafiri siku nzima kwa lori kutoa ushahidi huambiwa arudi aseme yale yale. Wengi hawarudi.

Kwa hiyo, badala ya kikao cha siku mbili tatu kila mwezi, afadhali siku saba mfululizo kila miezi miwili, na kesi iliyoanza Jumatatu imalizike kabla ya msafara kuondoka. Wiki moja kabla, msaidizi wa mahakama ampigie simu mpelelezi wa kila kesi: faili liko wapi, fomu ya P3, ya ripoti ya majeraha, imejazwa na daktari gani, na daktari huyo bado yuko kituoni? Chifu apewe orodha ya mashahidi. Samansi ya mchungaji iandikwe nambari ya simu ya mtu asiyehama, kwa mfano mwenye duka, kwa sababu simu ya mchungaji huzimika wiki nzima. Aliye mbali zaidi asikizwe kwanza, hata kama wenzake hawajafika. Nauli yake itumwe kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Mbuzi walioibwa wapigwe picha, cheti cha kuthibitisha picha kiambatishwe, kisha warudishwe kwa mwenyewe. Wakifungiwa nyuma ya kituo cha polisi hukonda na kufa kabla ya hukumu.

Nakubali, shingo upande, kwamba miezi miwili ni mirefu kwa aliye rumande. Basi kesi za kutajwa tu, zisizo na ushahidi wa kusikiliza siku hiyo, zifanywe kwa video, na msafara ubaki kwa usikilizaji.

Dhamana nayo inaniuma. Mdhamini huulizwa hati miliki au logbuku ya gari. Sehemu kubwa ya ardhi ya huku ni ya jamii na haijagawanywa, kwa hiyo mtu mwenye ngamia mia moja huonekana hana kitu, na mwanawe analala rumande. Barua ya chifu yenye idadi ya mifugo na majina ya wazee wawili ingetosha kwa makosa madogo.

Wakalimani ni shida ya peke yake: mtu wa kabila la Wadasenech kutoka Illeret ana haki ya mkalimani bila malipo chini ya Ibara ya 50 ya Katiba, na mkalimani huyo atafutwe kabla ya safari.

Wazee wamalize ugomvi wa visima na malisho, ambao wanaujua kuliko korti yoyote. Kesi ya mtoto aliyenajisiwa si yao kabisa, hata wakilipwa ngamia wangapi.

Na kalenda ipangwe na mtu anayeijua mvua. Kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Oktoba, jangwa la Chalbi hugeuka tope, na gari linaloelekea North Horr linaweza kuzama humo na mafaili yake. Vikao vya North Horr viwekwe Januari, Juni na Agosti. Aprili na Novemba msafara uende Laisamis, ambako kuna lami.