Uholanzi 1945: Hesabu matishari kwanza, magunia baadaye

Wanaopanga kulisha eneo lililotoka mikononi mwa jeshi vamizi hupenda kutaja tani. Sisi tungeuliza kwanza: zitabebwa na nini?

Magharibi mwa Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu walikufa njaa ilhali kaskazini-mashariki mashamba yalikuwa na viazi. Wafanyakazi wa reli waligoma Septemba 1944. Wajerumani, waliokuwa wameikalia nchi, wakafunga njia za shehena. Walipolegeza Novemba hapakuwa na mafuta wala makaa ya kutosha, kisha mifereji ikaganda. Kufikia mwishoni mwa Februari mgawo ulishuka hadi kilokalori 580 kwa siku.

Piga hesabu. Watu milioni 4.5, kila mmoja nusu kilo ya unga: tani 2,250 kwa siku. Kwa malori ya tani 3 ni safari 750. Kwa matishari, yaani mashua bapa za shehena, ya tani 300 ni safari 8 tu. Ndege za Uingereza na Marekani zilidondosha takriban tani 11,000 kati ya Aprili 29 na Mei 8, yaani uzito sawa na unga wa siku 5 hivi. Zilitia watu moyo, hilo halina ubishi, lakini ndizo zinazokumbukwa kuliko mabaharia na madereva.

Unga nao si mkate. Ule wa Sweden ulifika bandari ya Delfzijl, kaskazini-mashariki mwa Uholanzi, mwishoni mwa Januari 1945. Watu walikula mkate wake mwishoni mwa Februari. Basi hamira na kuni za tanuri ziandamane na unga, la sivyo tanguliza biskuti na maziwa ya unga.

Kwa waliokonda mno, wingi huua. Wanga wa ghafla hupandisha insulini, homoni ya kudhibiti sukari; madini ya damu, fosfati na potasiamu, hukimbilia ndani ya seli, moyo unashindwa. Leo madaktari huanza na kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, au 5 kwa walio hoi kabisa, na vitamini B1 hutolewa kabla ya mlo wa kwanza.

Halafu udongo. Kisiwa cha Walcheren, kusini-magharibi mwa Uholanzi, kilizamishwa na maji ya bahari Oktoba 1944. Ukiosha chumvi kwa maji matamu pekee, sodiamu ya chumvi hiyo hubaki imeng'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi, udongo unajifunga na maji hayapenyi. Ziba kingo, fungua mitaro, mwaga jasi ili kalisi iliyomo ndani yake iing'oe sodiamu, uiachie mvua kazi yake. Usilime kukiwa na tope. Panda shayiri kwanza, maharage hayavumilii chumvi.